Nyama ya Uzi Mwekundu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye mpe shikamoo yake peke yake, maana mara ya mwisho alilalamika kwamba namshonea kama kiraka kwenye salamu zako. Huku hatujambo. Mume wangu bado anafundisha hesabu na kusahihisha madaftari juu ya meza ya chakula. Mtoto mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema "sasa" anapiga mluzi. Mkubwa amenipita urefu na nimemkataza kusimama karibu nami mbele za watu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga, kila tukifika kwenye jambo lenyewe unaanza, "Sikusikii, inakatakata." Karatasi haikatikati, Mjomba. Hapa huna pa kukimbilia.

Jambo lenyewe ni hili. Nina kisukari. Mwezi uliopita daktari wa kampuni alitupima wote tunaoendesha mitambo. Kuna kipimo kinachosoma sukari ya miezi mitatu ya nyuma, hakidanganyiki hata ukikaa na njaa wiki nzima. Changu kilisema 10.1. Tarehe 23 Juni watapima tena, na wanataka kiwe chini ya 8. Kikizidi hapo, nashushwa kwenye kreni. Hawanifukuzi, wana adabu yao: watanipa kiti getini niandike namba za malori yanayoleta saruji.

Wewe ndiye uliyekuwa ukinishusha kwenye mapaa kwa ufito, kwa hiyo unajua mimi na juu. Miaka kumi na moja nimepanda zile ngazi mia mbili na kumi kila asubuhi. Nikishakaa ndani ya kile kibanda cha kioo, mikono kwenye vyuma, mjengo mzima unaningoja mimi. Getini sikai. Piga ua, sikai.

Basi nimekaza buti. Soda nimeacha. Sukari kwenye chai nimeacha, na chai sasa ina ladha ya maji yaliyoosha kikombe cha chai. Wali naupima kwa kikombe kidogo, vidonge nameza, na jioni natembea kwa miguu hadi mbwa wa mtaa wamenizoea. Habari njema ni moja. Mtaalamu wa lishe wa kliniki, mama mmoja mkali tunayemwita Mama Mizani, nilimuuliza kuhusu nyama yako, maana kule juu siwezi kushuka nile. Nikishuka zege linaganda. Akasema nyama kavu isiyotiwa sukari haina neno, mradi chumvi isizidi, ninywe maji, na kipande kiwe cha ukubwa wa kiberiti. Hakusema viberiti vingapi.

Kwa hiyo niletee, Mjomba, na usikawie. Nyama yako ndiyo itakayonibakiza juu.

Mpwa wako,
Kipanga


19 Februari

Kipanga wangu,

Marahaba mara mbili, moja yangu, moja ya mkaza mjomba wako, ambaye anasema angalau umeanza kupata adabu. Tu salama. Mvua ilitoboa bati la banda la kukaushia, nimeziba kwa lami. Jirani yetu fundi saa amenunua redio, na sasa habari za dunia tunazisikia hadi ndani ya sufuria. Mimi mzima kama chuma. Ni kiatu cha kulia tu kinanibana, ngozi za siku hizi si ngozi, basi nyama naikatia kwenye stuli. Kumbe kukata nyama umekaa ni raha. Sijui nilisimama miaka arobaini nikimwonyesha nani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara zote tatu niliikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda kunoa kisu ambacho tayari kilikuwa kinakata unywele. Wewe ni mtoto ambaye hata mafua yalikuwa yakikuogopa. Lakini sikiliza. Mimi mwenyewe kukushusha juu ilinitoa jasho, sembuse daktari wa kampuni.

Nyama hii hapa. Ni ile yako ya uzi mwekundu, imekaa waya wa juu peke yake kama siku zote. Wateja wanapata ya uzi mweupe kutoka nyaya za chini. Ng'ombe hajawahi kunywa soda maishani mwake. Kula bila wasiwasi.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo (ameona? mbali na yako). Tumepata furaha nyumbani: mkubwa amefaulu mtihani, na baba yake amejifanya hamnazo, kisha nikamkuta chumbani anaisoma ile karatasi ya matokeo kwa mara ya pili. Mdogo jino moja limeanza kuchungulia.

Mimi siendi vizuri. Nimepewa mashine ndogo ya kujichoma kidole, inayosoma sukari ya saa ileile tu, na kila namba naiandika. Asubuhi kabla sijala chochote ninapata 8, mara 7 na kitu, Mama Mizani anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mchana nikishuka kwenye kreni, 13. Juzi 14.2. Ananiuliza, "Unakula nini huko juu?" Namwambia nyama kavu na maji. Ananiangalia kama mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani. Mjomba, sijawahi kuitwa mwongo kwa macho, inauma kuliko sindano.

Sasa nimefanya kama tunavyofanya kwenye mtambo ukilia: nazima kitu kimoja kimoja hadi niupate ubovu. Jumatatu nilikunywa maji tu hadi mchana, 7.9. Jumanne nilikula yai, 8.3. Jumatano nilikula nyama yako, kiasi cha ngumi moja, 13.6. Alhamisi tena yai. Ijumaa tena nyama. Nyama inapandisha kila mara.

Nakuomba unijibu swali moja bila kuzunguka. Unatia nini kwenye nyama?

Siku zimebaki tisini na tisa. Nimezihesabu kwenye kalenda ya mjengo, msimamizi akadhani naingoja likizo.

Kipanga


2 Aprili

Kipanga wangu,

Marahaba. Pole na mashine hiyo ya kuchomana. Mjukuu wangu mpe hongera, mwambie babu yake alifeli mtihani huohuo akatokea kuwa mtu wa maana. Hapa redio ya fundi saa imeharibika na sasa anatengeneza redio badala ya saa, watu wanachelewa kila mahali. Mkaza mjomba wako amepaka ukuta wa sebule rangi ya kijani, nikikaa humo najiona kama bamia. Banda halivuji tena. Paka wa kwetu amezaa watoto watano chini ya meza ya kukatia, mahali pazuri kuliko pote, na sasa nafanya kazi miguu nimeikunja nisiwakanyage.

Umeuliza natia nini. Natia chumvi, siki na pilipili manga. Hivyo ndivyo wanavyopata wateja wangu wote, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Labda mashine yako ni mbovu. Vitu vidogo namna hiyo vinatengenezwa haraka. Mzigo mwingine huu hapa.

Mjomba


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani zipo, watoto wazima, utanisamehe leo nazikata.

Nilikuuliza unatia nini kwenye nyama yangu. Umenijibu kuhusu wateja. Mimi mpwa wako si mteja, na nimekaa kwako miaka kumi na mbili. Nakujua ukipiga chenga.

Jumapili nilichukua vipande sita vya uzi mwekundu, nikavichemsha kwa kikombe cha maji, nikavitoa. Nikayaacha yale maji motoni yakauke. Mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu na kijiko, akidhani ni mchuzi. Sufuriani kimebaki kitu cha kahawia, kinanata, kinavutika kama gundi. Nikakilamba. Ni shira, Mjomba. Sukari na maji, basi. Nyama haitoi shira.

Nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nilikuwa nimeacha soda. Nilikuwa nimeacha hata embe, na unajua mimi na embe. Halafu kila siku napanda juu na mfuko wa peremende za nyama, natafuna tangu asubuhi hadi mchana, najisifu kwa ushupavu. Nimekasirika hadi nimecheka, kisha nikakasirika tena.

La pili. Karatasi uliyofungia mzigo ilikuwa na maandishi kwa ndani, kwa penseli, si mwandiko wako. Yanasema: "Muulize mguu wake." Usimgombeze mkaza mjomba. Mguu wako una nini? Na usiniambie habari za kiatu.

Nyama sili tena hadi unijibu yote mawili. Siku sabini.

Kipanga


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Wiki tatu na ushei kimya. Halafu jana mzigo umefika. Uzi mweupe. Nimeupekua wote, nikakung'uta gazeti, nikakung'uta na mfuko. Barua hamna.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba katika nyumba yetu mzigo hautoki bila barua, hata iwe mstari mmoja. Uliwahi kumrudisha dereva wa basi kutoka kituoni kwa sababu ulisahau kuweka karatasi ndani ya mfuko wa viazi. Sasa mzigo huu umetoka kwa nani? Nimeuweka kabatini. Siwezi kula kitu ambacho mwenyewe ameshindwa kukisemea.

Namba zangu zinashuka. Mchana nimepata 8.1, jana 7.7. Mama Mizani amenichekea, nikaona kumbe ana meno. Juu naenda na yai la kuchemsha na karanga kidogo zisizo na chumvi. Njaa inauma saa tano, naisikia, naendelea kunyanyua vyuma. Sitishiki na njaa. Kimya chako ndicho kinanitisha. Mtoa ishara wetu, yule anayenielekeza kwa redio kutoka chini, ameniuliza mara mbili kama nipo. Nilikuwa nafikiria mguu.

Kipanga


21 Mei

Kipanga wangu,

Marahaba, mwanangu. Mkaza mjomba wako amekaa mbele yangu kwenye sebule ya bamia, amefunga mlango na ufunguo ameuficha kifuani. Amesema sitoki hadi niandike. Basi salamu zake ndizo hizo.

Ulikuwa na miaka sita. Dada yangu, mama yako, tulimzika Jumanne. Siku hiyohiyo ulipanda juu ya banda la kukaushia, ukakaa pale kwenye bati, ukakataa kushuka na ukakataa kula. Usiku nilikuwa nakubeba umelala, asubuhi uko juu tena. Siku nne. Uji ulimwaga. Mkate ulitupia kuku. Nyama yangu, ambayo watu walikuwa wanaifuata kutoka mbali, uliitafuna mara moja ukaitema kwenye kofia yangu. Daktari alisema ukifika siku ya tano atakulaza.

Siku hiyo ya tano mkaza mjomba wako alikuwa na shira jikoni, ya keki. Sijui nani alinipa wazo hilo. Nilichovya kipande cha nyama, nikakianika juani dakika chache, nikakifunga kwenye ncha ya ufito kwa uzi mwekundu niliouchukua kwenye kikapu cha kushonea cha mama yako, nikakuinulia. Wewe unakumbuka ufito, unadhani nilikuwa nakushusha kwa viboko. Sikuwahi kukuchapa hata siku moja, Kipanga. Ufito ulikuwa na nyama. Uliunusa kwanza ule uzi, kisha ukala ile nyama, kisha ukashuka mwenyewe kwa ngazi ukaniuliza, "Kuna nyingine?"

Nilienda nyuma ya banda nikalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo yako nachovya. Nilitaka kuacha ulipokuwa mkubwa. Lakini niliogopa kwamba nikiacha utaionja nyama yangu kama ilivyo, na utaitema tena. Ni woga wa kijinga, najua, mtu mzima na mvi zake. Ulipoandika kwamba nyama yangu ndiyo itakayokubakiza juu, nilisema mkupuo huu sichovyi. Nikasimama mbele ya sufuria. Mkono ukachovya. Kisha nikakudanganya kwa kuwataja wateja, na nikaisingizia mashine yako. Nilikuwa nakulisha ugonjwa na nikijua. Sina la kujitetea.

Hiyo ya uzi mweupe ni safi. Niliifunga mara tatu na kalamu mkononi, nikashindwa kuandika hata jina lako.

Mguu una kidonda chini ya kidole gumba. Tangu Januari. Hakiumi, ndiyo maana sikuhangaika. Nakunywa maji mengi na nakojoa kama farasi, na ninajua hizo ni dalili za nini, maana redio ya fundi saa ilizitaja kabla haijaharibika. Kila mkupuo wa shira lazima niuonje, na mabaki nakula mimi, miaka thelathini na miwili. Lakini kliniki siendi. Nikienda watanipa jina la huo ugonjwa, na mimi nimezoea kuishi bila jina lake. Wewe pambana na wako. Mimi niache.

Mjomba wako


28 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mkaza mjomba mpe shikamoo kubwa, auache ufunguo hapohapo kifuani bado kidogo.

Barua yako nimeisomea juu, kwenye kreni, wakati wa mapumziko. Mtoa ishara akaniita kwenye redio, "Kipanga, unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Akasema vumbi haliendi mita sitini.

Sikumbuki uzi. Nakumbuka kunusa kitu chenye harufu ya mama, na nilidhani miaka yote kwamba ni ndoto. Asante. Hilo nalisema mara moja na kwa moyo wote, kisha tuendelee, maana nimekusamehe shira lakini kidonda sijakusamehe.

Sikia sasa. Umesema nikuache. Wewe uliniacha juu ya bati? Siku ya tano hukusema, "Mwache, amechagua." Ulikuja na ufito. Mimi ufito wangu ni huu. Wiki ijayo tunaanza kunyanyua nguzo za ghorofa ya mwisho, na likizo zote zimefutwa. Mwendeshaji atakayeondoka sasa kiti chake anakalia mwingine, msimamizi amelisema mbele yetu sote. Ukienda kupimwa kabla ya tarehe 11 Juni, mimi nabaki hapa nangoja kipimo changu. Usipokwenda, tarehe 12 asubuhi nashuka ngazi zote mia mbili na kumi, napanda basi, nakuja kukubeba mgongoni hadi kliniki. Kiti kitaenda. Nitakaa getini na kalamu, na kila lori likiingia nitakumbuka ni kwa ajili ya nani, na sitajuta.

Unanijua. Sitii chumvi, Mama Mizani amenikataza.

Kidonda kisichouma ndicho kibaya zaidi. Nimemuuliza. Alisema, "Mwambie aende leo," na hakutikisa kichwa, alisimama kabisa.

Kipanga


10 Juni

Kipanga,

Marahaba. Redio imepona, paka wadogo wamegawanywa isipokuwa mmoja, ambaye mkaza mjomba wako anamwita Daktari kwa sababu analala juu ya mguu wangu.

Nimekwenda leo asubuhi. Usipande basi.

Sukari yangu ilikuwa 17.4. Muuguzi ni msichana mdogo, lakini alinigombeza kama mama mkwe. Alinivua soksi, akakitazama kile kidonda. Kisha akasema mwezi mmoja zaidi tungekuwa tunazungumzia kukata kidole. Sasa tunazungumzia dawa na kukisafisha kila siku, na kutovaa kiatu kile tena. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Niliogopa, nakwambia kweli. Kisha nikaona nimeshaambiwa jina lake na bado nimekaa kwenye benchi, jua linawaka, mwenye kuuza magazeti anapiga kelele. Nikaenda nyumbani kwa miguu, polepole.

Sufuria ya shira nimempa fundi saa aloweke humo vyuma vyake. Mkaza mjomba wako ameshuhudia.

Nyama hii nimeitengeneza upya. Chumvi nusu, siki zaidi, pilipili manga, moshi kidogo. Nimekata kila kipande kwa ukubwa wa kiberiti, nimekiweka kiberiti chenyewe juu ya ubao nikapima. Kimoja kwa siku, si ngumi. Uzi nimerudisha mwekundu, kwa sababu huo si wa sukari, ni wa mama yako.

Ukiitema, niambie kweli.

Mjomba


25 Juni

Mjomba,

Shikamoo kwako, shikamoo kwa mkaza mjomba, na shikamoo kwa Daktari aliye juu ya mguu. Jino la pili la mdogo limetoka limepinda, baba yake anasema lina pembe ya digrii thelathini.

7.6.

Daktari wa kampuni aliisoma karatasi, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akagonga muhuri. Nimepanda siku hiyohiyo. Wenzangu chini walipiga makofi kwa kofia zao ngumu, na mimi nikajifanya siwasikii ili wapige tena.

Nyama yako nilikuwa nimeitunza hadi siku hiyo. Saa tano nikafungua uzi, nikauvaa kwenye kidole ule uzi, nikatoa kiberiti kimoja. Umesema nikwambie kweli. Mjomba, ni ngumu kama soli. Ni chachu. Pilipili ilinitoa machozi, safari hii kweli. Ladha niliyoipenda miaka yote haimo humo hata kidogo.

Nimeitafuna polepole, nikamaliza, nikanywa maji, nikasubiri saa mbili, nikajichoma kidole. 7.2. Kisha nikataka nyingine, ile ya kesho. Sikuila, lakini niliitaka. Sikuitema.

Ila siki punguza.

Kipanga


6 Julai

9.1, asubuhi, kabla ya kula. Kidonda kimebaki kama punje ya mahindi.

Mkaza mjomba wako anasema huwezi kuanza barua kwa namba, lazima kwanza salamu. Nimemwambia hiyo ndiyo salamu.

Siki nimepunguza.

Wewe je?

Mjomba